NANI KAYAPA MALORI RUKSA MITAANI KWETU?

Hivi, ndugu msomaji, umewahi kuiangalia vizuri sheria ya Dar es Salaam inavyofanya kazi? Mama ntilie akitandika meza mbili kando ya barabara, mgambo wanafika kabla wali haujaiva. Machinga akipanga viatu vya mtumba karibu na kituo cha daladala, anakimbizwa kama mwizi. Bodaboda akiingia asikotakiwa, pikipiki inapakiwa kwenye gari na mwenyewe anakwenda kuitafuta na pesa mkononi. Lakini semi-treila lenye kontena mgongoni likikata kona Sandali au Tandika usiku, likavunja mfuniko wa mtaro, likalala mbele ya mlango wa mtu hadi kesho kutwa, hakuna anayeuliza. Sheria hiyo ina macho ya kuona kikaango cha chipsi. Tela lenye matairi 20 na ushei hailioni!

Mimi huo siuiti upofu. Naiita ruksa. Na kama ni ruksa, sisi walalahoi tuna haki ya kuuliza nani kaitoa, kwa karatasi gani, na kwa faida ya nani.

KIBAO SI NJIA

Kabla wakubwa hawajakimbilia kujibu, naomba nieleweke. Sitaki kuambiwa kwamba pale kuna kibao cha kukataza tani kadhaa na kule kuna trafiki anayesimamisha malori asubuhi. Kibao cha kukataza si njia. Kinamwambia dereva asikopite; hakimwambii apite wapi. Ninachodai ni orodha moja ya barabara, kwa majina yake, inayofunika mji mzima, iliyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kubandikwa kwenye lango la bandari, ikisema: lori lenye uzito wa kiasi hiki litapita hapa, hapa na hapa. Barabara ambayo haimo kwenye orodha, lori haliingii, ila lile linaloshusha mzigo mtaa huo huo, tena kwa saa zilizotajwa.

Hilo si jambo la mwezini. London wana mpango wa kudhibiti malori tangu 1985: lori la zaidi ya tani 18 usiku na mwishoni mwa wiki halijipitii tu vichochoroni, linafuata barabara zilizoruhusiwa mpaka karibu kabisa na linapokwenda, na linalokiuka linatozwa faini. Wao walitambua kwamba mtu anayelala naye ana haki, kama aliyenayo mwenye mzigo.

Sisi njia ya asili tunayo. Barabara ya Mandela, ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la Port Access, ilikusudiwa kuutoa mzigo bandarini, kuupitisha TAZARA, Buguruni na Tabata, hadi Ubungo kwenye Barabara ya Morogoro, bila kugusa katikati ya mji. Waliochora walikuwa na akili. Waliokuja baadaye ndio walioruhusu yadi za makontena, zile wanazoziita bandari kavu, zichipue pembeni mwa nyumba za watu, Kurasini na kwingineko. Yadi ikishafunguliwa kwenye kichochoro, kichochoro ndicho kinachokuwa njia ya malori. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Aliyesaini leseni ya yadi ndiye aliyeamua, na yeye halali mtaa huo.

TUNALIPA SISI, WANAVUNJA WAO

Sasa njoo kwenye hesabu, kijana mwenzangu, maana hapa ndipo unapoibiwa mchana kweupe.

Wahandisi walifanya jaribio kubwa la barabara huko Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Waliyapitisha magari ya uzito mbalimbali juu ya lami, mwezi hadi mwezi, wakapima uharibifu. Waligundua kwamba uharibifu haupandi sawasawa na uzito. Ukiuzidisha uzito wa ekseli mara 2, lami inaumia takriban mara 16. Ekseli ya tani 10, ukiilinganisha na ya tani moja, inaumiza barabara takriban mara 10,000. Elfu kumi! Barabara kuu hujengwa kwa unene wa kuhimili kipigo hicho. Mtaa wa Temeke haukujengwa hivyo.

Na mitaa hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza Dar es Salaam, na sehemu ya fedha hizo ilijenga barabara za mitaa, mitaro na taa katika Temeke, Ilala na Kinondoni. Mkopo huo utalipwa na wewe na mwanao. Matengenezo yanatoka Mfuko wa Barabara, na mfuko huo unajazwa na tozo iliyomo ndani ya kila lita ya mafuta. Kwa hiyo bodaboda anayeweka petroli lita mbili asubuhi anachangia kuziba shimo ambalo pikipiki yake isingeweza kulichimba hata kwa miaka mia. Wenye malori watasema nao wanalipa tozo hiyo hiyo. Ni kweli, wanalipa. Lakini hakuna lita ya dizeli inayolipia kupasua mtaa ambao haukujengwa kwa ajili yao.

Ukitaka kujua nguvu ya wenye malori, kumbuka Oktoba 2013. Wizara ya Ujenzi ilifuta msamaha wa asilimia 5 ya uzito uliozidi kwenye mizani. Wenye malori wakagoma, foleni zikajaa. Hazikupita siku nyingi, Waziri Mkuu akalisitisha agizo la waziri wake mwenyewe. Machinga wamelia miaka mingapi? Ni Waziri Mkuu gani aliyesitisha lolote kwa siku chache kwa ajili yao?

JIJI LISILO NA MWENYEWE

Utauliza: basi tumwendee nani? Hapo ndipo ujanja wote ulipofichwa.

Lori likitoka bandarini linaanzia Temeke, linakatiza Ilala, linatokea Ubungo. Manispaa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Barabara kuu ni ya TANROADS. Mtaa, tangu 2017, ni wa TARURA. Leseni ya kusafirisha mizigo ni ya LATRA. Bandari ni ya TPA. Kontena lisilolipiwa ushuru ni la TRA. Kusimamisha lori ni kazi ya trafiki. Kila mmoja ameshika kipande chake, na ukimgonga mlangoni anakuelekeza kwa jirani. Mtoto wa wengi hana malezi.

Zamani kulikuwa na chombo ambacho angalau kwa jina kilisimamia mji mzima. Mwaka 1996 Serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji ikaweka Tume. Halmashauri ikarudi 2000. Februari 2021, mwezi ule ule lilipozinduliwa daraja la juu la Ubungo ili kuondoa foleni, Rais Magufuli akaivunja tena, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Zege tukaliongeza, mwenye mamlaka ya kulipangia tukamwondoa. Ilala inaweza kuyafungia malori mitaa yake kesho asubuhi. Ifikapo jioni yatakuwa yamehamia Temeke. Hiyo inakuwa danadana, tatizo linapigwa kutoka manispaa hii kwenda ile.

USIMLAUMU DEREVA

Wapo watakaosema mwandishi huyu anataka kuua uchumi. La hasha! Najua bandari inawalisha wengi, kutoka kuli wa Kurasini hadi mchimbaji wa shaba Kongo na Zambia. Dereva ni mlalahoi mwenzetu. Yeye na utingo wake wanakaa siku kadhaa wakisubiri karatasi, wanalala kwenye kabini au kwenye turubai chini ya tela, wanaoga kwa maji ya kununua. Amepaki mlangoni kwako kwa sababu hakuna aliyempa pa kupaki. Gari likimharibikia usiku anavunja matawi ya mti anayatandaza barabarani yawe alama, na bodaboda anayekuja kasi gizani anaona majani akiwa ameshachelewa. Wote wawili ni watoto wa maskini. Mwenye gari yuko kwake, kalala.

Na wala sitaki katazo la pupa. Manila, nchini Ufilipino, walijaribu Februari 2014: halmashauri ya mji ikapiga marufuku malori mchana, bila kuandaa njia wala mahali pa kusubiri. Makontena yakarundikana bandarini, bidhaa zikakwama, na ilipofika Septemba mwaka huo huo wakalifuta katazo. Kukataza bila kuelekeza ni kuhamisha foleni tu.

Lakini kutofanya lolote nako kuna bei, na bei yake ni roho. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, ndani ya mji wa Morogoro, karibu na kituo kikuu cha mabasi. Watu walikimbilia mafuta na madumu, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100, wengi wao vijana, bodaboda wakiwemo. Tukafundishwa kwamba walikufa kwa tamaa. Sawa, na umaskini nao? Na swali la kwa nini barabara kuu ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda inapitisha matangi ya petroli katikati ya makazi na stendi, alilijibu nani? Matangi hayo hayo yanaanza safari yake hapa Dar es Salaam, kando ya vijiwe vyetu.

TUNATAKA HAYA

Moja, sheria iunde mamlaka moja ya usafirishaji kwa manispaa zote tano, yenye meno, na kazi yake ya kwanza iwe kutangaza njia za malori kwa majina ya barabara. Mbili, njia ya matangi ya mafuta na kemikali itajwe peke yake, mbali na shule, masoko na stendi. Tatu, yadi yoyote ya makontena isiyopakana na njia hizo ipewe muda wa kuhama, na asipewe mtu leseni mpya kichochoroni, awe nani. Nne, lori lisubiri nje ya mji hadi liitwe kwa zamu yake. Likifika bandarini lipakie na kuondoka. Tano, faini ya kutoka nje ya njia ilipwe na mwenye gari. Dereva anayetii amri ya tajiri asifungwe kwa niaba yake.

Wasituambie hakuna pa kuyapeleka malori. Julai 31, 2025, Rais Samia alizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya SGR. Vizuri. Kama treni inaweza kulipeleka kontena la Lubumbashi hadi Kwala, lori la Lubumbashi linatafuta nini Buguruni? Likachukulie huko. Njia za malori ndani ya mji zibaki kwa mzigo wa mji: saruji yetu, unga wetu, bidhaa za Kariakoo. Ila wafanye kwa utu, wasirudie ya Mombasa. Huko, mwaka 2019, Serikali ya Kenya iliagiza makontena yapande treni kwa lazima. Madereva, mafundi na wauza chakula wakabaki bila kazi, watu wakaandamana, na 2022 Serikali mpya ikalitengua agizo lile. Kwala kuwe na gereji, vyoo, mabafu na vibanda vya mama ntilie kabla ya lori la kwanza kuamriwa kwenda.

Tena haraka inatakiwa. Oktoba 2023 Serikali ilitia saini na DP World kuendesha sehemu ya bandari, na tukaambiwa meli zitashushwa haraka zaidi. Tukubali kwamba itakuwa hivyo. Meli ikishushwa haraka, mzigo haupai hewani, unashuka barabarani. Mkataba wa bandari ulizungumziwa nchi nzima, bungeni, misikitini na makanisani. Mtaa utakaopitishiwa makontena hayo nani aliuzungumzia?

Basi vijana, kazi kwenu. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, msibaki kijiweni kucheza drafti. Diwani akija kuomba kura, awe wa chama tawala au wa upinzani, asiwapotezee muda kwa fulana na wimbo. Mshikeni kwa swali moja tu: mtaa huu umo kwenye njia ya malori, au haumo? Kama umo, aseme lini utajengwa kwa unene wa njia ya malori. Kama haumo, aseme nani atayatoa, na kwa tarehe ipi. Akijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa, mjue mmepata jibu, na kura yenu mnajua pa kuipeleka.