SAA YA KUIMBA SI SAA ILIYOPOTEA



Wako miongoni mwetu wasemao kwamba saa ya kuimba shuleni ni saa iliyopotea, na kwamba afadhali mtoto azidishiwe hesabu, maana karani haajiriwi kwa sauti yake. Sisi twakataa neno hilo, na sababu zetu ni mbili.

Kwanza, hao hao husimama wima siku ya sherehe wakaimba Mungu ibariki Afrika. Je, wajua sauti ya wimbo ule ilitoka wapi? Ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyewatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa do, re, mi. Saa yake ya kuimba ingalitolewa kwa hesabu, Tanzania na Zambia zingaliimba nini leo?

Pili, husemwa kuwa muziki wataka kinanda cha fedha nyingi. Si kweli. Njia ya do, re, mi iliyofuatwa na misheni nyingi ilianzishwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ikaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, kusudi maskini na watoto wapate kusoma nyimbo pasipo chombo. Mtoto wa miaka sita ana mikono ya kushika mapigo, ana koo la kupandisha na kushusha sauti. Akisha kutambua pigo zito na jepesi, sauti ya juu na ya chini, ndipo aonyeshwe alama ubaoni. Kumwanzisha kwa alama ni kumfundisha kusoma kabla hajasema.

Lakini saa hiyo kuwapo tu haitoshi, na hapa twawalaumu walimu pia. Mtoto huanzishwa kwa nyimbo za kigeni zilizofasiriwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti za Ulaya hazijui sheria hiyo. Neno "baba" twalikaza mwanzo, naye mtoto hulazimishwa kulikaza mwisho! Huko Hungaria, Zoltán Kodály (1882-1967), aliyetumia do, re, mi hizo hizo, alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za watu wake, kama aanzavyo na lugha ya mama. Basi kwa nini watoto wetu waone haya kwa nyimbo za michezo ya uani na ngoma za bibi zao? Hawakuzaliwa na haya hiyo. Twawatia sisi, tulioshika kalamu tukaiita ngoma ushenzi.

Twawaomba wanachama wenye watoto shuleni: ulizeni katika mkutano wa wazazi kama saa ya kuimba ingalipo, kama imeondolewa, dai letu ni irudishwe. Na jioni, mtoto apigapo makofi barazani, msimnyamazishe. Mwimbieni wimbo mliofundishwa na mama zenu. Asiyewafunza wanawe kuimba nyimbo zao asishangae wakijua za wengine tu.