Kichwa Kinachomwuma Mzazi

Mwezi huu tunazungumza juu ya kichwa kinachomwuma mwanamke aliyejifungua. Kwa kawaida tunasema ni uchovu na kukosa usingizi, na mara nyingi ni kweli. Lakini yako maumivu yasiyofaa kungojea arobaini iishe.

Wakati wa mimba, na hasa katika majuma 6 baada ya kuzaa, damu ya mwanamke huganda kwa wepesi zaidi. Ndiyo njia ya mwili ya kumkinga asitokwe na damu nyingi. Ila mara chache damu huganda ndani ya mishipa inayoirudisha kutoka kwenye ubongo. Hapo kichwa huuma siku baada ya siku na vidonge havisaidii. Wengine hutapika, huona ukungu, hupooza upande mmoja au huanguka kifafa. Majirani watasema mzazi amerogwa.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Daktari atapima presha kwanza, maana kifafa cha mimba chaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa. Akishuku kwamba damu imeganda, huenda akaagiza picha ya mishipa kwa mashine ya MRI, iliyoko katika baadhi ya hospitali kubwa. Mashine hii haikati mwili wala haitumii eksirei. Hutumia mawimbi ya redio na sumaku ambayo mara nyingi nguvu yake ni kama mara 30,000 ya ile ya dunia. Damu inayotembea huonekana tofauti na iliyosimama, hivyo mshipa ulioziba waweza kujulikana, pengine bila hata sindano ya dawa.

Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine iliyo kama bomba. Kelele zake ni nyingi, kwa hiyo hupewa vizibo vya masikio na kengele ya kuita. Avue hereni, pete na vibanio vya nywele. Ataje kila chuma kilichomo mwilini, hasa kifaa cha moyo. Hata kitanzi akitaje, ingawa kwa kawaida hakizuii kipimo.

Ugonjwa ukionekana, dawa ipo. Heparini huzuia damu isizidi kuganda, na mama huendelea kunyonyesha.

Basi, mawifi na mama wakwe mnaomhudumia mzazi, msiulize tu kama mtoto amenyonya. Mwulizeni na yeye: "Kichwa chako je, mwanangu?"