Nyota Njema Haionekani Asubuhi

Kuna hukumu ya kivivu tunayoipenda mno. Mtu akianguka, tunarudi kwenye mwanzo wake na kusema, "Tulijua." Aliacha kazi akasome shahada ya uzamili, tasnifu ikakwama? Tulijua. Alikopa akafungua duka, likafungwa? Tulijua. Tunajificha nyuma ya methali kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na hakuna anayeuliza kilichotokea mchana.

Sataranji inauumbua uvivu huu, kwa sababu kila hatua yake huandikwa. Chukua mchezo wa Mar del Plata, Argentina, mwaka 1960. Boris Spassky, mwenye kete nyeupe, alianza kwa Gambiti ya Mfalme: katika hatua ya pili tu alimtoa askari wake aliwe, na kumwacha mfalme wake bila kinga upande huo. Bobby Fischer, kijana wa miaka 17, akamla. Kufikia hatua ya 16 Fischer alikuwa mbele kwa askari wawili. Baada ya hatua ya 29 ya Spassky, alisalimu amri.

Mwaka uliofuata Fischer alichapisha makala akitangaza kwamba Gambiti ya Mfalme ni mwanzo wa kushindwa. Haya, tukubali kwamba ni mwanzo mbovu. Basi mbona aliyeanza vibaya ndiye aliyeshinda?

Jibu limo katikati ya mchezo. Katika hatua ya 25 Fischer bado alikuwa na sare mkononi: malkia wake angeweza kumtishia mfalme wa Spassky, kurudi alikotoka, kisha kutishia tena. Alimpeleka kwingine. Hatua nne baadaye askofu wake hakuwa na wa kumwokoa. Hapo ndipo mchezo ulipopotea.

Wapo watakaosema mwanzo una uzito wake. Unao, sikatai. Askari aliyetolewa harudi. Lakini mwanzo ni deni tu, na madeni hulipwa au hayalipwi kwa yale yanayofuata. Fischer mwenyewe aliicheza gambiti hiyohiyo dhidi ya Larry Evans katika ubingwa wa Marekani wa 1963/64, akashinda. Na katika kitabu chake cha michezo 60, kilichotoka 1969, aliuweka pia huu aliofungwa na Spassky, akauchambua hatua kwa hatua. Huo ndio uungwana wa kusoma anguko.

Sisi tunaruka kazi hiyo. Hatuulizi msimamizi wa tasnifu alikaa na sura ya pili miezi mingapi, wala ada ilikatika muhula gani. Na gharama hailipwi na aliyeanguka peke yake. Mdogo wake anatazama, anajifunza kwamba kosa lilikuwa kuthubutu, naye anakaa na askari wake wote, salama, bila kucheza.

Kwa hiyo ukitaka kumhukumu aliyeshindwa, usiniletee hatua yake ya pili. Niletee ya 25.