Mtoto Wa Degedege Hajachagua Kusubiri



Ndugu zangu, hasa nyinyi wa Kerende na vijiji vinavyouzunguka mgodi huko Nyamongo, leo nazungumza na wazazi.

Kila kikitajwa kifafa, hakosekani wa kuileta hadithi ya yule mwanamke mweusi, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Alikuwa akianguka na mwili wake kufunuka. Alimwendea Mtume ﷺ, akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke. Hadithi ni sahihi. Lakini tazama nani aliyechagua! Ni mtu mzima, mwenye akili yake, na alichagua juu ya mwili wake mwenyewe. Mwanao wa miaka miwili hajaulizwa. Wewe ukikaa na mtoto anayeanguka kila wiki ukasema "tunasubiri", hiyo subira umeitoa kwenye mwili wa mwenzio. Na Mtume huyohuyo ﷺ alituamrisha tujitibu.

Sasa degedege. Mtoto ana homa, ghafla anakakamaa, macho yanageuka, anatetemeka. Wazee wetu wakasema ni dege, ndege wa usiku. Kanda ya Ziwa tunaishi na malaria, na malaria ikipanda kichwani hufanya hivyo hivyo. Homa ya uti wa mgongo nayo hufanya hivyo, hata sukari kushuka. Kote huko saa moja ina thamani.

Ipo imani sehemu nyingi za Tanzania kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Fuatilieni inavyozaliwa: mtoto anaanzia kwa mganga, anafukizwa kinyesi cha tembo, wengine wanamkojolea (na mkojo ni najisi, tunajua!), siku ya pili ndiyo anafikishwa hospitali akiwa hoi. Anachomwa sindano, anakufa. Lawama inaibeba sindano.

Akianza kutetemeka, mwondoe karibu na moto na maji, mlaze ubavu, usimkamate kwa nguvu wala usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si maji ya kombe. Tazama saa. Msomee, ulimi wako hauna kazi nyingine. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, bodaboda iwe imeshawashwa. Hata ikikatika mapema, mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe palepale. Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, msiruke kwenda Tarime mjini naye akitetemeka.

Kifafa ni jambo jingine: anaanguka zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, bila homa. Na si wote wanaoanguka. Yupo anayeduwaa sekunde chache katikati ya maneno, mwalimu anamchapa kwa uzembe. Yupo mchanga wa miezi michache anayejikunja kama aliyeshtuka, mara nyingi mfululizo, hasa akiamka. Huyo msimngojee akue, ubongo wake unaharibika. Mpelekeni haraka, hata mkielekezwa Musoma au Bugando, Mwanza. Povu lake haliambukizi, kwa hiyo akiangukia jikoni, mvuteni.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Fenobabitali ni dawa ya bei ndogo. Lakini inamezwa kila siku, na kuiacha ghafla huleta mianguko mikali. Kwa kawaida daktari hafikirii kuipunguza mpaka mtoto akae kama miaka 2 bila kuanguka.

Kwa ndugu zangu wasomaji wa ruqya: Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad aliugawa ugonjwa huu mara mbili, wa majini na wa mwili, na wa mwili akawaachia matabibu. Wewe umepima nini hata ukajua huyu ni wa jini? Imepokewa pia kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana. Kwa maoni yangu, anayemwambia mama aache dawa "ili kisomo kifanye kazi" ameingia humo, na mtoto akiungua jikoni ana la kujibu mbele ya Allah.

Mmeniuliza kuhusu Ramadhani. Mtoto hajabaleghe, saumu si wajibu kwake. Ampe dawa saa ileile ya siku zote.

Wallahu a'lam.