Twachangia Sanduku, Hatuchangii Mfereji

Mtu akifa katika Kadutu, jua halijachwa bado wajumbe wa shirika wamekwisha kupita nyumba kwa nyumba na daftari mkononi. Huyu atoa franka mia tano, yule elfu mbili, na mama muuza sambaza atoa yote aliyopata sokoni asubuhi. Jioni sanduku limenunuliwa, turubai limefungwa mbele ya mlango, wamama wanapika, vijana wanaimba hata usiku wa manane. Ni desturi njema, wala hatuilaumu. Kuzika wafu ni tendo la huruma, tulifundishwa hivyo tangu katekesimu. Lakini tunalo swali moja, na tunaomba wasomaji wetu wasitukasirikie: katika mashirika yetu yote, toka Nyamugo hata Cimpunda, toka Mosala hata Nkafu, daftari la mfereji li wapi?

Kila mmoja wetu anajua tunavyokaa. Mji huu, ulioitwa zamani Costermansville, ulipangwa kwa watu wachache. Leo watu wake wanakisiwa kupita milioni moja. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa malaki, na miti mingi ya milima iliyotuzunguka ikaishia chini ya masufuria. Toka mwaka 1996 vita vikawafukuza ndugu zetu wa vijijini, Walungu, Kabare, Shabunda, Mwenga, nao wakaja mjini, maana wangekwenda wapi? Wakajenga palipobaki nafasi: juu ya mteremko, ndani ya korongo, ukingoni mwa mto. Nyumba za mbao zimebanana hata ukikohoa usiku jirani akupa pole. Mvua ikinyesha, maji ya bati langu yaangukia mlango wako, maji ya mlango wako yaangukia ukuta wa yule wa chini, naye wa chini hana pa kuyapeleka ila kitandani mwa watoto wake.

Basi nyumba inaporomoka na watoto wanakufa, nasi twatoa daftari. Twachanga, twalia, twazika. Na mwaka unaofuata, pale pale, mtu mwingine ajenga.

Wako wanaosema: ni mapenzi ya Mungu. Wengine wanazidi kusema kwamba Mungu ametupiga kwa ajili ya dhambi zetu, na wahubiri wa siku hizi hulipiga kelele neno hilo kwa vipaza sauti. Tunawajibu kwa Injili. Mtakatifu Luka asimulia habari za mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Bwana wetu aliwakatalia kabisa wasikilizaji wake kudhani kwamba wale waliokufa walikuwa wakosefu kupita wengine. Hakuwahukumu maiti. Aliwageukia wazima, akawataka wao wabadilike. Dominika tarehe 3 Februari 2008 nchi ilipotetemeka, hapo ng'ambo ya Ruzizi kanisa liliwaangukia watu waliokuwa wakisali. Nani atathubutu kusema kwamba waliuawa kwa dhambi, hali walikutwa katika sala? Ukuta dhaifu humwangukia mtakatifu sawasawa na mlevi.

Tena tutazame kwa jirani. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, kaskazini yetu, kando ya ziwa hili hili. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maji yalishuka pamoja na mawe na magogo, yakachukua soko na wauzaji na wanunuzi, yakachukua nyumba za Nyamukubi na za Bushushu. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja, na watu maelfu hawakuonekana tena. Serikali ikatangaza maombolezo ya taifa. Baadaye yakafika magari, mahema, unga, maharagwe, mablanketi. Tunawashukuru walioleta, wengi wao walifanya kazi kwa moyo. Lakini blanketi halimfuniki aliye chini ya matope.

Hapa ndipo tunapogombana na wenye misaada. Vyama vingi vya msaada, vikubwa na vidogo, vina tabia ile ile ya mashirika yetu: mkono wao hufunguka wanapoona maiti. Mfano uko karibu. Mlima Nyiragongo uliwahi kuunguza mji wa Goma Januari 2002. Kwa hiyo yafaa utazamwe usiku na mchana, na kazi hiyo ina wataalamu wake pale Goma. Lakini msaada wa Benki ya Dunia kwa kazi ile uliisha mwaka 2020, na kwa miezi mingi hapakuwa hata na intaneti ya kupokea habari za vyombo vilivyo mlimani, hata Aprili 2021. Tarehe 22 Mei mwaka huo huo mlima ukapasuka, na watu hawakuwa wameonywa. Siku chache baadaye, amri ya kuhama ilipotoka, wengi walipanda mashua wakaja kwetu Bukavu na magodoro vichwani, tukawapokea. Hapo ndipo fedha za maturubai zilipopatikana! Fedha za kuutazama mlima zilikosekana, na fedha za kuwahurumia walioukimbia zikaonekana.

Sisi wenyewe tuliwahi kuona mambo hayo kwa macho. Moto uliteketeza nyumba nyingi katika kartiye yetu. Wakaja wageni wenye fulana nzuri, wakatuandika majina, wakatupa jetoni, wakapiga picha. Wiki ya tatu tukapata sufuria mbili, ndoo na sabuni kwa kila nyumba. Mzee mmoja akawauliza kwa heshima: Je, mwaweza kutusaidia kufungua njia kati ya nyumba, upana wa mtu na ndoo mbili tu, ili siku nyingine tuweze kupita na maji? Wakamjibu kwamba njia haimo katika mradi. Sufuria zimo, njia haimo. Nyumba zikajengwa tena kwa mbao zile zile, zikibanana vile vile, na sufuria mpya ndani yake.

Wala tusiwatupie wageni mzigo wote. Katika mji huu wako watu wanaouza korongo. Kiwanja kiko katikati ya njia ya maji, kila mtu anajua, hata mbuzi hakai pale wakati wa masika; lakini karatasi yapatikana, yenye muhuri mwekundu. Anayeitia sahihi karatasi hiyo akaa mahali pakavu. Pengine Dominika yuko kanisani pamoja nasi, mstari wa mbele. Twamwambia bila kumtaja: kumwuzia maskini mahali pa kufia ni wizi, tena wizi wa namna mbaya, kwa kuwa aliyeibiwa hushukuru.

Na sisi je? Tutazame mfuko wa plastiki. Mtoto anunua maandazi, mfuko autupa katika mfereji. Mama atupa maganda na chupa, kwani mvua itazichukua. Ndiyo, mvua yazichukua! Yazishusha hata mtoni, mto wazipeleka ziwani, nalo ziwa lazisukuma polepole hata mlango wa Ruzizi, ambapo uko mtambo wa umeme uliojengwa tangu wakati wa Wabelgiji. Pale taka zimekuwa zikisonga mashine kwa miaka mingi, hata wafanyakazi huzitoa kwa mashua na kwa mikono. Mashine ikisongwa, umeme wapungua. Umeme ukipungua, Kadutu yakaa gizani. Mtoto awasha mshumaa ili asome, au mama asahau mbabula karibu na ukuta wa mbao. Na nyumba ikishika moto, mfereji umeziba na njia haipo. Mfuko ule wa maandazi umeturudia.

Mambo haya si ya kubahatisha. Wataalamu wamepima mlima wa Funu, ambao maelfu ya jamaa zetu wanalala juu yake kila usiku. Mlima huo unatembea. Watembea polepole, tangu zamani za mababu, lakini watembea. Mwaka 2022 walitangaza kazi yao: walilinganisha picha zilizopigwa toka angani kwa muda wa miaka 70 hivi, wakaona kwamba mji wenyewe umebadili mwendo wa mlima, kwa sababu ya maji yasiyoongozwa na mabomba yanayovuja na kulainisha udongo chini. Basi hata mlima unatudai mfereji.

Mtu atasema: hayo ni kazi ya leta. Ni kweli, na tusiache kuidai. Mwenye kutoza kodi sokoni Kadutu kila asubuhi, yeyote awaye, ana deni la mifereji. Lakini tumeidai leta tangu tukiwa vijana, na mvua haijasimama kungoja jibu. Mwingine atasema: sisi maskini, tutafanya nini? Tumsikilize vizuri, maana umaskini wetu si wa kuigiza, na toka vita vilipoingia mjini Februari 2025 wengi wamepoteza hata kile kidogo. Lakini maskini huyu ndiye anayetoa franka za sanduku. Sanduku la mbao, na pikipiki, na chakula cha siku tatu, vyote vinalipwa na watu wasio na kitu. Kwa hiyo nguvu ipo. Twaitoa ikiwa imechelewa.

Tena yuko anayengoja wazungu. Huyo ajue yaliyotokea mwaka 2025. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi kwa amri ya siku moja, halafu ikalifunga kabisa shirika lake la USAID. Dawa na vyakula vilivyotegemewa na watu wa nchi nyingi, hata wa Kivu, vikakatika. Bomba ambalo ufunguo wake uko Washington lafungwa Washington, na mwenye kufunga hakuulizi kama umekwisha kuteka.

Labda tunaonekana kutaka jambo lisilowezekana. Basi twende mbali kidogo. Katika bahari ya Pasifiki iko nchi ndogo iitwayo Vanuatu, visiwa zaidi ya 80, watu wake wote ni wachache kuliko watu wa Bukavu. Si matajiri, walio wengi hulima viazi na ndizi kama Washi. Machi 2015 tufani iitwayo Pam iliwapiga kwa upepo wa kilometa 250 kwa saa, ikaangusha nyumba, ikang'oa mashamba mengi. Mtu angefikiri kwamba nchi imekwisha. Waliokufa hawakufika 20. Redio na simu ziliwaonya mapema, kamati za vijiji zilikuwa zinajua nani ni mzee na nani ni mjamzito, nao wakaingia katika mashule na makanisa yenye kuta imara kabla upepo haujafika. Misaada ya wageni ilikuja baadaye, ikakuta watu hai wa kusaidiwa. Tufani yao na mvua ya Kalehe, tusijaribu kuzipima kwa mizani moja. Lakini kule Nyamukubi hakuna aliyepiga hata ngoma.

Sisi je, hatuna kengele? Hatuna vijana wa Xaveri na wa Kiro, wenye miguu ya kukimbia, ambao sasa twawatumia kupanga viti siku ya Jubilei? Hatuna Lejio ya Maria, inayojua kila mgonjwa na kitanda chake? Yosefu hakungoja njaa ifike ndipo ajenge maghala ya Misri, na Nuhu alionekana mjinga kwa wenzake muda wote ambao hapakuwa na mvua. Tunasoma habari hizo kanisani, halafu twarudi nyumbani kupitia juu ya mfereji uliojaa chupa.

Zamani tulikuwa na salongo. Wengi waliichukia kwa sababu ililazimishwa, na kwa sababu mkubwa alisimama kivulini. Tuliposhinda kulazimishwa, tukatupa na jembe pia.

Katika shirika letu tumeanza, kwa aibu, maana tumechelewa. Tumefungua daftari la pili, mbali na lile la msiba. Kurasa za kwanza zina majina ya wasioweza kukimbia: wazee saba, mlemavu mmoja, wamama wawili wanaokaribia kujifungua. Mbele ya kila jina tumeandika kijana wa kumbeba. Kurasa zinazofuata ni za fedha, kidogo kidogo, kila Alhamisi baada ya sala. Kwa fedha hizo na kwa majembe ya kuazima tumechimba hatua arobaini za mfereji, tukapanga mawe pande zote mbili. Zimebaki hatua mia na ishirini kufika mtoni, na zote zinapita mbele ya milango ya shirika la chini yetu. Kuuacha mfereji hapo ulipofika hatuwezi, maana maji yetu yote yatawaangukia wao. Tumewaandikia barua, na baba paroko ameisoma baada ya Misa. Mvua za Septemba zi karibu, na jibu lao halijafika.