Mwenye Macho Haambiwi Tazama?



Katika mkutano mmoja wa chama chetu tulitoa pendekezo dogo: kwamba chama kitunge tangazo fupi la Kiswahili, la kusomwa kabla ya filamu yenye mimweko mikali ya mwanga kuonyeshwa shuleni au katika vibanda vya video, ili wenye kifafa wajue hatari iliyo mbele yao. Mzee wetu mmoja, ambaye twamheshimu kwa elimu na kwa umri, alisimama akajibu kwa methali moja tu: "Mwenye macho haambiwi tazama." Ukumbi ukacheka, mwenyekiti akaita ajenda iliyofuata, na jambo likafa papo hapo.

Leo twalifufua. Methali ni hazina yetu, lakini methali peke yake si hoja. Methali hiyo yamfaa mtu ambaye macho yake humwonya. Sisi twamsemea mtu ambaye macho yake ndiyo mlango wa madhara yenyewe. Huyo asipoambiwa hatajua neno mpaka amekwisha kuanguka.

Hatusemi haya kwa kusoma vitabu tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha hapa Uganda, tuliwaonyesha wanafunzi filamu siku ya kufunga muhula. Tuliziba madirisha kwa mablanketi ili giza likolee, tukawakalisha wadogo mstari wa mbele wapate kuona vizuri. Filamu ilipofikia mapigano, shuka jeupe la ukutani likawa linawaka na kuzimika kwa kasi. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaanguka kutoka kwenye benchi, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Wenzake wakakimbia. Mmoja wetu akapiga kelele asiguswe, ati povu lile huambukiza. Mwingine akaleta kijiko amtie mdomoni. Filamu ikaendelea, maana hapana aliyekumbuka kuizima.

Alipozinduka aliuliza, "Mwalimu, nimefanya nini?" Hapana aliyemjibu. Muhula uliofuata wenziwe walikataa kulala naye bweni moja, wazazi wao wakaandika barua, na kabla ya Pasaka baba yake akaja kumchukua. Hakurudi. Kabla ya siku ile hakuwa amewahi kuanguka. Nasi, tuliomkalisha mstari wa mbele, tuliandika katika daftari la shule kwamba ameacha masomo kwa sababu ya maradhi. Ukweli ni kwamba aliondolewa na ujinga, na ujinga huo ulikuwa wetu.

Yafaa basi tulieleze jambo lenyewe. Kifafa ni hitilafu ya ubongo. Chembe za neva zilizomo ubongoni huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Chembe nyingi zinapofyatua umeme huo kwa pamoja na bila mpango, mtu huanguka, au hukodoa macho na kupotewa na fahamu kwa muda. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kulala bweni moja. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba karibu 80 katika kila 100 kati yao huishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Lasema pia kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Katika hao, wapatao 3 katika kila 100 ndio ambao kifafa chao huchochewa na mwanga, na wengi wao ni watoto na vijana. Mwanga unaowaka na kuzimika kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde moja waweza kuwaangusha. Hatari huzidi rangi ikiwa nyekundu iliyokolea, picha ikijaza sehemu kubwa ya jicho, na chumba kikiwa na giza. Msomaji na ajionee: giza, picha kubwa, watoto mbele kabisa. Tulipoupanga ukumbi wetu siku ile tuliyakusanya yote matatu pamoja, tukidhani twawafurahisha wanafunzi.

Wako watakaosema kwamba kisa kimoja cha shule moja si ushahidi. Basi twende Japani. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyeshwa katika televisheni ya nchi hiyo saa ambayo watoto wengi walikuwa wakitazama. Katika mchezo huo ulitokea mlipuko uliochorwa kwa rangi nyekundu na ya samawati zikipokezana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa muda wa sekunde chache tu. Usiku huo watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali kwa magari ya wagonjwa. Wengi hawakuwa wamewahi kuanguka maishani mwao. Lililo baya zaidi ni kwamba vituo vya habari, katika kueleza msiba huo, viliionyesha tena picha ileile, na watazamaji wengine wakaanguka. Katuni hiyo ilisimamishwa kwa miezi minne, na mwaka 1998 watangazaji wa Japani wakajiwekea kanuni za kuzuia mimweko ya namna hiyo.

Uingereza ilikuwa imeshtuka mapema zaidi, mwaka 1993, pale tangazo moja la biashara katika televisheni lilipowaangusha watazamaji watatu. Tangu hapo watangazaji wa nchi hiyo wakawekewa mipaka: mwanga usiwake na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde katika sehemu kubwa ya kioo, na rangi nyekundu iliyokolea ichungwe kwa namna ya pekee. Profesa Graham Harding wa Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, ndiye aliyeongoza kutengeneza kipimo cha kuikagua picha kabla ya kuonyeshwa. Picha hupitishwa katika mtambo, na mtambo huonyesha mahali penye hatari. Kwa hiyo hapana mtengenezaji wa filamu awezaye kusema leo kwamba hakuwa na njia ya kujua.

Lakini tazameni ajabu hii. Kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya televisheni, ambayo mtu huitazama sebuleni, taa zikiwaka, na kioo ni kidogo. Sinema, yenye giza na kioo kikubwa kama ukuta, haikufungwa na kanuni hizo. Huko mambo yakaachwa kwa hiari ya wenye filamu. Penye hatari kubwa pakawekwa ulinzi mdogo!

Matunda yake yalionekana mwaka 2018, ilipotoka filamu ya Incredibles 2. Ni filamu ya watoto, na mwovu wake huwateka watu akili kwa kuwamulikia mwanga wa kumweka kutoka kwenye vioo. Ilipoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni, watazamaji walilalamika kwamba mwanga huo ni hatari kwa wenye kifafa. Kampuni ya Disney ikazitaka kumbi za sinema zibandike onyo. Uingereza, ambako filamu ilifika mwezi wa Julai, jambo lilikwenda mbali zaidi: kampuni iliirekebisha mimweko yenyewe, na toleo lililopita kipimo ndilo lililoonyeshwa katika kumbi za sinema. Filamu moja, kampuni moja, lakini nchi moja ikapewa karatasi ya onyo na nyingine ikapewa filamu salama. Hatujasikia kwamba watoto wa Uingereza waliitazama kwa furaha pungufu. Twauliza basi: lililowezekana huko, kwa nini lisitendeke kwa watazamaji wote tangu mwanzo? Onyo ni jema, lakini humwachia mgonjwa mzigo ambao mtengenezaji angeweza kuutua kwa kazi ya siku chache.

Hiyo ndiyo lawama yetu kwa watengenezaji. Sasa tugeukie nyumbani, maana huko mkutanoni, methali ilipokwisha kutolewa, zilifuata hoja tatu za kunong'onezana, nazo zastahili kujibiwa waziwazi.

Hoja ya kwanza ni kwamba watu hao ni wachache. Ni kweli, ni wachache. Lakini ngazi ya ghorofani hujengewa ukingo ijapokuwa wanaoanguka ni wachache, na hapana fundi anayesifiwa kwa kuuacha. Tena uchache wenyewe ni wa kuhesabu wanaojulikana. Yule msichana wetu hakuwa katika hesabu yoyote mpaka jioni ile.

Hoja ya pili ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na ya vioo vyao. Waganda wana neno lao la kifafa, ensimbu, nasi Waswahili tuna letu, na maneno hayo hayakuja na sinema. Ugonjwa tulikuwa nao. Kilichokuja ni kichocheo kipya. Aliyefungua mlango kwa sinema hawezi kuufunga kwa maarifa yaliyokuja nyuma yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuchoma zaidi: kwamba wenye kifafa wasiruhusiwe kuingia penye filamu, na mambo yaishe. La hasha! Tumekwisha kusema kwamba wanaodhurika kwa mwanga ni wapatao 3 katika kila 100. Je, tuwafukuze 97 wasiodhurika kwa sababu ya uvivu wetu wa kusoma tangazo la dakika moja? Na hao 3 nao hawana kosa. Amri kama hiyo ingemfanya kila mwenye kifafa afiche hali yake, na anayeificha ndiye asiyeweza kusaidiwa anapoanguka.

Hapo twafika penye kazi yetu sisi walimu wa lugha. Onyo la filamu, linapokuwapo, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na hupita kabla mtu hajapata pa kukaa. Katika vibanda vya video vya Kampala, ambavyo Waganda huviita bibanda, msimulizi anayejulikana kwa jina la VJ hukamata maikrofoni akaifasiri filamu kwa Kiluganda. Huko Kenya, DJ Afro amepata umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Wasimulizi hawa ni mafundi. Hufasiri matusi, mapenzi na hata mlio wa bunduki. Tumeketi katika vibanda hivyo mara nyingi, lakini hatujasikia hata mara moja onyo la mwanga likifasiriwa. Hatuwalaumu. Nani amewapa maneno? Sisi tunaojiita walinzi wa lugha twabishana mwaka mzima juu ya istilahi za sarufi, na sentensi ya kumwokoa mtoto hatujaitunga.

Wala haitoshi kutafsiri kwa kamusi. Akitokea mtu akaandika kwamba "watazamaji wenye unyeti wa nuru wanashauriwa hadhari", atakuwa ametafsiri maneno akaliacha onyo lenyewe. Vivyo hivyo tuchunge tunavyomtaja mtu. Tukisema "kifafa yule", tumemgeuza mtu kuwa maradhi yake. Tuseme "mwenye kifafa", kama tunavyosema mwenye shamba au mwenye watoto, kwa kuwa ana mengine mengi zaidi ya hilo.

Kwa hiyo twatoa rasimu yetu, na yeyote aliye na bora na ailete:

"Ndugu watazamaji, filamu hii ina mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi. Mwanga huu unaweza kumwangusha mtu ambaye kifafa chake huchochewa na mwanga, hata kama hajawahi kuanguka. Watoto wasikae karibu na kioo. Ukijisikia vibaya, funika jicho moja kwa kiganja, geuza uso, uondoke. Mtu akianguka, zimeni filamu, washeni taa, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu mdomoni. Asipotulia kwa dakika tano, mpelekeni hospitali."

Mtauliza kwa nini jicho moja, na kwa nini asifumbe yote mawili. Ni kwa sababu mwanga mkali hupenya kope, na kufumba na kufumbua kwaweza kuongeza mmweko. Lakini jicho moja likifunikwa barabara kwa kiganja, nguvu ya mwanga juu ya ubongo hupungua sana. Hili ni jambo ambalo jicho halimfundishi mwenyewe. Lazima aambiwe.

Mzee wetu aliyetujibu mkutanoni tungali twamheshimu, nasi hatuna nia ya kumwaibisha. Twamwomba tu, katika mkutano ujao, asimame tena. Safari hii asiitamke methali, bali alisome tangazo hili kwa sauti yake nzuri, walimu walisikie, walirekebishe, walipitishe, kisha kila mmoja abebe nakala mbili: moja ya shule yake, na moja ya kibanda cha mtaani kwake.

Yule msichana, popote alipo, amekwisha kuwa mtu mzima. Alituuliza amefanya nini. Jibu tulilopaswa kumpa ni fupi: hakufanya neno. Sisi ndio tuliokuwa na macho, na hatukutazama.