«Inatembea, tuiache»: tovuti za redio na programu ya zamani

Ukiuliza juu ya nini tovuti ya redio bado iko na programu ya zamani, jibu ni: «Inatembea, tuiache.» Tunaelewa. Kupandisha WordPress kwenye seva unayolipa mwenyewe kunakula mega, mtandao unakatika katikati, na kuna siku ukurasa unafunguka mweupe, hakuna kitu.

Lakini tukumbuke mwanzo wa 2017. WordPress 4.7 ilikuwa na tundu: mtu yeyote, bila neno la siri, aliweza kubadilisha habari iliyokwisha kuchapishwa. Tarehe 26 Januari likatoka toleo 4.7.2 la kuliziba, na tundu lenyewe likafichwa hadi tarehe 1 Februari ili watu wajikinge kwanza. Tovuti nyingi zilijipandisha zenyewe. Kwa wale waliokuwa wamezima kazi hiyo, kurasa ziliharibiwa kwa maelfu.

Wavamizi wengi wa wakati ule waliandika majina yao tu, kujisifu. Hapa Ituri, tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na uvumi kwamba watu wenye silaha wanakaribia unaweza kukimbiza kijiji kizima usiku. Sasa fikiria uvumi huo ukitoka kwa jina la redio unayoiamini.

Kwa hiyo, kwanza kopi ya kila kitu, kwenye diski iliyo fasi ingine. Halafu majaribio pembeni, ndipo kupandisha. Na neno la siri lisibaki kwa fundi mmoja: akienda Kisangani na simu imezimwa, nani atafungua?